Niliomba kodi ya nyumba, mzee wa kanisa akanitumia hongo

Mama, shikamoo. Bwana asifiwe.

Nimekusoma miaka mingi, na wengi waliokuandikia nilikuwa nikiwahukumu kimoyomoyo. Leo niko upande wao.

Nina miaka 37 na watoto watatu, naishi Mikindani, Mombasa. Ni karani katika yadi moja ya kontena upande wa Changamwe. Kontena likitoka Kilindini likaletwa kwetu, mlinzi wa getini huliandika kwenye daftari lake, kisha mimi naingiza kwenye kompyuta namba yake na tarehe ya kuingia. Lina siku zake za bure. Zikiisha, storeji, yaani ada ya kulihifadhi, inahesabiwa kila siku hadi mwenye mzigo aje alitoe. Kwa hiyo tarehe ninayoandika ni pesa, na kila ajenti mjini anajua hivyo.

Mume wangu alikuwa dereva wa trela, Mombasa hadi Malaba. Tulianza kuyumba 2019, mizigo ilipolazimishwa kupanda reli ya SGR. Tajiri wake akauza magari mawili, mume wangu akabaki kuokota vibarua. Amri ile ilipoondolewa 2022 akarudi barabarani, tukashukuru. Mei mwaka jana akapigwa na kiharusi pale Mariakani, yuko kwenye foleni ya mizani. Mkono wa kulia hauinuki hadi leo, na maneno yanamtoka nusu.

Mshahara wangu ni 26,000. Nyumba ni 8,500, halafu kuna dawa, nauli ya kliniki na karo. Kodi ikaruka miezi mitatu. Jumanne moja nilitoka kazini nikakuta kufuli la pili mlangoni, jipya, bado lina kibandiko cha bei. Mume wangu alikuwa amekaa nje juu ya ndoo ya jirani, ameushika mkono mgonjwa kwa mkono mzima, hajui atazame wapi. Usiku ule jirani alitupokea.

Kanisani mimi ni mweka hazina wa akina mama. Watu wamezoea kuniona nikiandika michango ya wengine. Sikumwambia mtu. Ijumaa ya kesha ndipo nilipomshika pembeni mzee mmoja wa kanisa, mtu anayeheshimika, nikamwomba aniombee. Yeye ni ajenti wa klirens, wa kuwatolea watu mizigo bandarini. Jumatatu akanipigia: "Dada, Mungu amejibu." Mteja wake ana kontena lililopitisha siku sita. Nisogeze tu tarehe mbele, hakuna anayeumia, na tena bosi wenyewe si wa imani yetu. Sijamjibu, simu ikaita: M-Pesa, 15,000. Nilikaa nikiuangalia ule ujumbe mpaka skrini ikazima yenyewe.

Nikabadilisha tarehe. Nikalipa sehemu ya deni, kufuli likaondolewa. Na Jumapili, Mama, naona haya kuandika hili, nilitia 1,500 kwenye bahasha ya zaka. Mume wangu anadhani nilikopeshwa na chama.

Sasa mzee amekuja na kontena tatu. Shilingi 40,000. Kijana wangu wa kidato cha tatu yuko nyumbani kwa ajili ya karo. Nikisita, ananiambia hata Yusufu aliitumia nafasi yake Misri kuwaokoa ndugu zake. Anataka jibu Jumatatu.

Je, ni dhambi hata kama ni kwa ajili ya mgonjwa? Nimrudishie zile 15,000? Storeji niliyoifuta nimeipigia hesabu, ni kama 36,000. Nikimwambia bosi nitafukuzwa, na watoto watakula nini?

Mama wa Watatu, Mikindani

*

Marahaba, mwanangu. Amina.

Nimeisoma barua yako mara tatu na kila mara nimekwama pale kwenye kufuli. Basi nianze hapo, ingawa hukuniuliza. Mwenye nyumba kudai kodi yake ni haki yake. Kumfungia mpangaji nje bila amri ya mahakama, hapana. Akirudia, usikimbilie kutafuta pesa za usiku mmoja. Nenda kwa chifu, au Kituo Cha Sheria, ambacho kina ofisi hapa Mombasa na huwasaidia wasioweza kumlipa wakili. Nalitanguliza hili kwa sababu hofu ya kufuli ndiyo iliyokufanya uone mlango mmoja tu.

Jumatatu usiingoje. Mwandikie yule mzee leo, kwa ujumbe wa simu, si kwa mdomo, maana kwa mdomo atakushinda, nimeshamsikia anavyoongea. Andika: "Sitabadilisha tarehe ya kontena lolote. Tafadhali usinitumie pesa tena." Basi. Usimweleze karo, usimhubirie, usimwombe msamaha. Akituma pesa kwa nguvu, usizitoe hata shilingi. Zirudishe siku hiyo hiyo na ujumbe wa M-Pesa uuhifadhi. Akikuita pembeni baada ya ibada, uwe na haraka ya kwenda kupika.

Kama ni dhambi, jibu unalo, na ulilitoa mwenyewe kwenye ile bahasha. Mtu hatoi zaka kwa pesa anayoiona safi halafu akaona haya kuisimulia. Zile 1,500 ulikuwa unamkatia Mungu fungu lake ili naye awe ndani ya mpango. Sikucheki. Wengi tumejaribu.

Mimi mwenyewe, miaka ya nyuma, nilikaa dirishani katika ofisi moja hapa kisiwani. Mzee mmoja akanisogezea fomu iliyokunjwa, ndani yake noti ya mia mbili, na siku ile sikuwa na nauli ya kurudi. Nikalivuta faili lake kutoka chini ya rundo nikaliweka juu. Sura yake nimeisahau. Ninayemkumbuka ni yule mama aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, ana mtoto mgongoni na leso imelowa jasho. Saa ya kufunga ikafika kabla sijamhudumia, akaenda zake. Hakusema neno.

Ndiyo maana "hakuna anayeumia" siwezi kuimeza. Umeniambia mwenyewe kwamba mlinzi anaandika daftari lake getini. Sasa tarehe yake na yako hazilingani, zimepishana siku sita. Siku mkaguzi akilifungua daftari lile, ataanza na nani? Na karani mwenye kompyuta na fulana ya ofisi, au na mlinzi? Mlinzi huyo naye pengine ana kufuli lake mahali. Mpaka mwisho wa barua yako hukumtaja tena, nami nadhani ni kwa sababu hukumfikiria.

Lile la bosi kutokuwa wa imani yetu lilinifanya niweke kikombe chini. Mwanangu, tuko Mombasa. Tunauziana mahamri asubuhi, tunazikana, tunashikiana watoto. Huyo bosi amekuachia kompyuta yake, na kwa Kiswahili cha hapa kwetu kitu hicho kinaitwa amana, msikitini na kanisani. Siku atakapogundua, hatasema karani fulani kaniibia. Atasema "yule mama wa kanisani". Mkristo akimdhulumu mwenzake wa dini nyingine kwa kisingizio cha dini, sijui ushuhuda anataka kumpelekea nani.

Yusufu wa mzee huyo simfahamu. Ninayemsoma kwenye Mwanzo aliwauzia ndugu zake nafaka, kisha akaamuru fedha zao zirudishwe kwenye magunia yao. Hakuna mahali alipochezea hesabu za Farao. Na kabla ya hapo, nyumbani kwa Potifa, aliacha vazi mikononi mwa mke wa bwana wake akakimbia, na malipo ya kukimbia kwake yalikuwa gereza. Sura ya 39 inaishia gerezani. Nakukumbusha mapema kwa sababu sitaki kukuahidi kwamba ukinyooka bosi atakupandisha cheo. Huenda ukaumia.

Biblia yenyewe haijifanyi kwamba njaa ni jambo dogo. Katika Mithali 30 kuna mtu anaomba asipewe umaskini wala utajiri, apewe chakula kilicho kadri yake tu, maana akiwa maskini sana anaogopa ataiba na kulitaja bure jina la Mungu wake. Mtu yule hakuomba awe shujaa mbele ya umaskini. Aliomba asifikishwe pale. Hiyo ni sala ya mtu anayejijua. Siku hizi madhabahu zetu zina kelele nyingi za "mlango wa baraka umefunguka", na ni nadra kusikia mtu akifundishwa kuuliza mlango wenyewe ni wa nyumba ya nani. Ulikesha ukiomba Ijumaa, pesa ikaingia Jumatatu, ukahesabu siku ukaona zinalingana. Hata muuza unga wa kulevya huweza kukutumia pesa Jumatatu.

Ila kuna jambo moja kwenye barua yako ambalo nadhani hujaliona, nami naona ndilo lenye shida yote. Ni nani alijua hali yako? Akina mama unaowawekea hazina hawakujua. Mchungaji hakujua. Dada zako hujawataja hata mara moja. Mume wako anaijua njaa lakini pesa haijui ilikotoka. Aliyejua ni mtu mmoja, naye ndiye mwenye haja na kompyuta yako. Hukushikwa kwa sababu ya njaa peke yake. Ulishikwa kwa sababu njaa yako ilikuwa siri, na siri ile ilikuwa na funguo moja, ukampa yeye.

Ukipanda matatu za Nyali unapita Kengeleni. Pale ndipo ilipo kengele ya Frere Town, makazi ambayo wamisionari wa CMS waliyaanzisha 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Ilipigwa kuwaonya watu kwamba wawindaji wa watumwa wanakuja. Huwa nawaza hivi: kengele kama ile ingekuwa na faida gani kwa mtu aliyejifungia peke yake chumbani? Ilifaa kwa sababu kijiji kizima kiliisikia pamoja. Yako ililia, ndiyo maana umeniandikia, lakini umeiliza chini ya mto wa kulalia.

Soma tena 2 Wafalme 4, habari za mjane aliyekuwa na deni na mwenye kumdai amekuja kuwachukua wanawe wawili. Elisha hakumpa pesa. Alimuuliza ana kitu gani nyumbani, kisha akamtuma kwa jirani zake wote kuazima vyombo vitupu, tena visiwe vichache. Kwa jirani zake wote! Yaani kabla mafuta hayajamiminwa, mtaa mzima ulishajua kwamba kwa yule mama hakuna kitu. Fikiria ile aibu ya kubisha nyumba ya kwanza. Nadhani nyumba ya tatu ilikuwa rahisi zaidi.

Basi nami nakuuliza: una kitu gani nyumbani?

Una mume aliyekuwa dereva wa kuajiriwa. Je, tajiri wake alikuwa akimkata NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii? Kama alikatwa, hata kwa miaka michache, mwanachama ambaye ugonjwa umemwondolea uwezo wa kufanya kazi moja kwa moja anaweza kudai malipo yake bila kungoja uzee, madaktari wakithibitisha. Nenda naye ofisi ya NSSF mjini na kitambulisho chake, waangalie akaunti. Kama alikatwa na tajiri hakupeleka, hilo nalo ni dai, na wale wa Kituo Cha Sheria watalijua.

Una SHA, bima ya afya ya serikali. Tangu Oktoba 2024, ilipochukua nafasi ya NHIF, mshahara wako unakatwa asilimia 2.75 kila mwezi. Hakikisha mume wako ameandikishwa chini yako, usije ukawa unalipia mfukoni mazoezi ya viungo ambayo tayari umeyakatwa. Ukiwa hospitali ya Coast General, uliza pia siku za kupimwa ulemavu ili aandikishwe na baraza la kitaifa la watu wenye ulemavu. Najua neno hilo kwa mwanamume aliyekuwa akishika usukani wa trela ni chungu. Usimlazimishe kwa siku moja.

Kijana naye, Mikindani iko eneo bunge la Jomvu. Ulizia ofisi ya eneo bunge na ya kaunti kama wanatoa fomu za basari, na mtoto ambaye baba yake ana kiharusi na barua ya daktari si mtoto wa kuachwa. Wakati huo nenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu, na hiyo barua mkononi, uombe arudi darasani ulipe kidogokidogo. Wengine hukubali. Wengine hawakubali, na utarudi tena wiki inayofuata.

Halafu kuna lile gumu kuliko yote haya: Alhamisi ya akina mama, weka daftari la hazina mezani na useme hali ya nyumbani kwako. Mwambie kwanza mwenyekiti wenu, faraghani, kama mdomo utakuwa mzito. Umeandika majina ya wengine miaka mingapi? Wakuandike na wewe. Watakaonong'ona watanong'ona, kila kanisa lina watu wawili watatu wa kazi hiyo.

Kuhusu zile 15,000. Usimrudishie mzee. Naona umeshangaa, lakini angalia hesabu: yeye na mteja wake walishapata walichonunua. Ukimrudishia, wamepata mzigo bila storeji na pesa yao juu, na aliyeibiwa bado ameibiwa. Zakayo hakuwarudishia wenzake wa forodhani. Aliwarudishia aliowanyang'anya, tena mara nne. Deni lako liko kwa yadi, na ni zile 36,000, ulizozipigia hesabu mwenyewe bila kuambiwa na mtu.

Na sasa bosi. Ninavyoona mimi, itabidi ajue kutoka kwako. Lakini usiingie ofisini kwake kesho huku machozi yanakutoka. Sheria ya kupambana na hongo ya 2016 inamshika anayetoa na anayepokea, na adhabu yake ni kifungo cha hadi miaka 10 au faini ya hadi shilingi milioni 5, au vyote viwili. Kuungama mbele za Mungu hakuhitaji wakili. Kuungama mbele ya mwajiri kunahitaji. Kaa kwanza na mwanasheria, umweleze yote pamoja na lile la kontena tatu, maana kukataa kwako kwa maandishi kuna uzito wake. Atakusaidia kuiandika barua na kupendekeza ukatwe kila mwezi. Tena ujue kwamba kabla mwajiri hajakufukuza kwa kosa, kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinakupa haki ya kusikilizwa ukiwa na mwenzako wa kazini. Haki hiyo haimaanishi utabaki. Inaweza kuwa utaondoka. Ndiyo maana nimeyataja ya NSSF na basari kabla ya haya.

Katika barua hiyo andika wazi kwamba daftari la mlinzi ndilo lenye tarehe ya kweli. Hiyo sentensi usiiache.

Zaka ya 1,500 isikuondolee usingizi. Kama inakuuma, mwambie mchungaji, na hapo hapo umwambie ilikotoka na nani aliituma. Mzee wa kanisa anayetafuta makarani kwenye mkesha si jambo lako peke yako kulibeba, na sidhani wewe ni wa kwanza kuombewa naye kwa namna ile.

Lakini kabla ya mchungaji, kabla ya mwanasheria, mwambie baba watoto. Maneno yanamtoka nusu, lakini anasikia yote. Mtu aliyekaa juu ya ndoo ya jirani anastahili kujua kufuli lilifunguliwa na nini. Mwambie usiku huu watoto wakilala, na usimpe maelezo marefu. Atanyamaza. Mwache anyamaze.

Akimaliza kunyamaza, muulize kadi yake ya NSSF na hati zake za mshahara aliziweka wapi. Madereva wana tabia ya kuacha karatasi zao zote kwenye mkoba wa gari. Kama mkoba ulibaki kwa tajiri siku ile ya Mariakani, kijana yuko nyumbani, mtume kesho akauchukue.